Nyaraka za TEHAMA Zinazosomeka: Niliyojifunza Katika Ofisi ya Mizigo Mombasa

Siku niliyoajiriwa kusimamia kompyuta katika kampuni moja ya uwakala wa forodha karibu na bandari ya Kilindini, nilikabidhiwa funguo za chumba cha seva pamoja na jalada nene la kijani ambalo meneja aliliita "sera zetu". Lilikuwa na kurasa zaidi ya mia moja za Kiingereza cha mawakili, na katikati yake nilikuta jina la kampuni nyingine kabisa, ya nchi nyingine, ambalo aliyenakili alisahau kulibadilisha. Nilicheka peke yangu, nikalirudisha kabatini, na mimi mwenyewe sikulifungua tena kwa miezi minane.

Nguo ya kuazima haisitiri, na yetu, yaani lile jalada la kunakili, ilituvuka asubuhi moja mteja alipopiga simu kuuliza kwa nini tumebadilisha akaunti ya benki. Hatukuwa tumebadilisha chochote. Mtu alikuwa ameingia katika barua pepe ya karani wetu wa nyaraka, akasoma hati za shehena na nakala za vitambulisho vya wateja, kisha akawaandikia wateja hao kwa jina letu. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka mdhibiti wa data, yaani anayeamua taarifa za watu zitumikeje, amwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu alipotambua uvujaji wenye hatari halisi ya kuwadhuru wahusika. Tulipolifungua jalada, lilituelekeza kwenye kamati ya matukio ambayo haikuwahi kuundwa. Karibu siku nzima ilipotea tukiulizana nani mwenye neno la mwisho, huku mkurugenzi akiwa safarini na karani akilia chooni kwa kudhani atafukuzwa. Taarifa ilipelekwa kwa wakati, lakini kwa kukimbizana, si kwa sababu ya jalada.

Baada ya hapo, kabla ya kuandika chochote kipya, nilianza kuuliza. Nilikaa na kila mtu, kuanzia mhasibu hadi tarishi, nikiwaomba wanieleze wanachofanya, si wanachotakiwa kufanya. Hapo ndipo nilipogundua kwamba nakala rudufu, ambazo kwa mujibu wa sera zilihifadhiwa kila usiku mahali salama nje ya ofisi, kwa kweli zilifanywa kila Ijumaa na mhasibu, akazichukua kwenda nazo nyumbani ndani ya mkoba wake, na kuvuka nazo Likoni kwa feri. Ushauri wangu wa kwanza basi ni huu: andika ukweli kwanza, hata ukiwa wa aibu, kisha uweke alama kwenye yale yanayohitaji kubadilishwa, na tarehe ya kuyabadilisha. Mkaguzi halinganishi ufasaha wa sera yako na wa jirani yako. Analinganisha maneno yako na ushahidi wako. Ukiahidi nakala za kila usiku na ukaonyesha za Ijumaa, umejiandikia kosa kwa mkono wako mwenyewe.

Jambo la pili ni kutenganisha vitu vitatu ambavyo jalada letu lilivichanganya. Sera husema tumeamua nini na nani aliyeamua. Yetu sasa ina kurasa mbili na saini ya mkurugenzi. Utaratibu husema kazi inafanywaje, na kila mmoja hauzidi ukurasa mmoja. Kumbukumbu huonyesha kwamba kazi ilifanyika. Ukiweka nambari ya simu ya fundi ndani ya sera, itabidi uisubiri bodi ikutane ili ubadilishe nambari ya simu. Vilevile, mwenye jukumu atajwe kwa cheo, kwa maana watu huhama.

Wengi huogopa zaidi viwango vya kimataifa. ISO 27001, kiwango cha usalama wa taarifa, katika toleo la 2022 ina vidhibiti 93, yaani hatua za kujikinga, kutoka 114 vya toleo la 2013, na nimewaona watu wakijaribu kuandika waraka kwa kila kimoja. Hakuna anayekutaka ufanye hivyo. Kiwango chenyewe kinakuruhusu utamke vipi vinakuhusu na vipi havikuhusu, mradi utoe sababu. Sisi tunatumia jedwali moja: kila mstari unataja tunachofanya, anayekifanya, ushahidi ulipo, na nani anayeudai, awe sheria, bima au mteja wa Ulaya. Mstari wa kufunga akaunti za mfanyakazi aliyeacha kazi, kwa mfano, unawajibu wote watatu, na huandikwa mara moja tu. Ama COBIT, mwongozo wa kusimamia TEHAMA wenye malengo 40 katika toleo la 2019, ni nzuri kwa benki. Ofisi ya watu ishirini ichukue swali lake la msingi la nani anaamua na nani anatekeleza, iendelee na kazi.

Wenye biashara ndogo wasijidanganye, hata hivyo. Kanuni za 2021 za kujisajili kwa Kamishna wa Data zinawasamehe kujisajili wenye mapato ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10, lakini hoteli, shule na zahanati hujisajili bila kujali ukubwa wao, na cheti hudumu miezi 24.

Utaratibu wa dharura niliuandika kwa Kiswahili na kuubandika ukutani, kando ya birika la chai. Mhasibu aliusoma akiwa ameshika kikombe, akaniambia, "Mwanangu, hii nimeielewa. Ile ya kijani nilidhani ni ya mawakili."

Jumatatu moja nilimjaribu mfanyakazi mgeni kuliko wote: barua pepe ya bosi imedukuliwa, utafanya nini? Alikwenda ukutani, akafuata hatua mbili, akakwama ya tatu kwa sababu nambari ya simu ilikuwa imeshabadilika. Niliikata kwa kalamu, nikaandika mpya na tarehe pembeni. Mkaguzi alipofika, karatasi hiyo yenye wino na alama ya chai ndiyo aliyoomba apige picha.