Rilei za Mkondo wa Kupindukia: Hesabu Zitangulie Kompyuta

Mafundi na wahandisi wengi wanaokabidhiwa rilei mpya ya kidijitali, yaani kifaa kinachopima mkondo wa njia ya umeme na kuamuru ukatwe unapopindukia, huanza kwa kuunganisha kompyuta na kufungua programu yake, nami nawashauri waanze na karatasi. Rilei moja ya kisasa hufanya kazi ambazo zamani zilihitaji safu nzima ya rilei za sumaku, na wingi huo wa kazi humshawishi mtu awashe kila kinga iliyomo. Katika kazi yangu ya kupanga na kupima kinga za njia za usambazaji, mara nyingi umeme uliokatika pasipo hitilafu ulitokana na kinga iliyowashwa bila hesabu, si ubovu wa rilei.

Tafuta kwanza mikondo miwili ya hitilafu kwa kila rilei: mkubwa kabisa na mdogo kabisa. Ule mkubwa, ambao kila mtu huukumbuka, ndio unaotumika kupanga zamu za kukata, yaani rilei ipi ikate kwanza. Mdogo husahaulika, ingawa ndio unaoonyesha kama rilei itaitambua hitilafu ya mwisho wa njia. Na ikumbukwe kwamba hitilafu ya fezi mbili hutoa takriban asilimia 87 tu ya mkondo wa hitilafu ya fezi tatu mahali palepale.

Tuchukue njia ya kilovolti 11 yenye rilei mbili zilizofuatana, zote zikitumia mkunjo wa kawaida (muda wa kukata hupungua kadiri mkondo unavyozidi) wa kiwango cha kimataifa cha IEC 60255-151. Rilei ya chini, iliyo mbali zaidi na chanzo cha umeme, inaanzia ampea 200, kizidishi chake cha muda (namba inayozidishwa na muda wa mkunjo) ni 0.1, na mkondo mkubwa kabisa wa hitilafu mahali ilipo ni ampea 2,000, yaani mara 10 ya kiwango cha kuanzia; itakata baada ya sekunde 0.297. Rilei ya juu, iliyo karibu na chanzo, inaanzia ampea 400, kwa hiyo hitilafu hiyohiyo inaiona kuwa mara 5 tu, na kwa kizidishi cha 1 ingechukua sekunde 4.28. Tukiacha pengo la sekunde 0.3 ili sakiti breka ya chini (swichi inayokata umeme kwa amri ya rilei) ipate muda wa kufunguka na makosa madogo ya vipimo yafidiwe, rilei ya juu inapaswa kusubiri karibu sekunde 0.6, hivyo kizidishi chake kiwe 0.14. Hesabu hii haichukui dakika kumi, nayo huamua kama hitilafu ndogo itazima mtaa mmoja au eneo zima.

Kinga ya papo hapo, inayokata bila kusubiri, ndiyo ninayoiogopa zaidi inapowekwa kwa kukisia. Transfoma inapowashwa huvuta, kwa kitambo kifupi, mkondo unaoweza kufika mara 10 ya mkondo wake wa kawaida au zaidi, na kinga iliyowekwa chini ya hapo itakata kila umeme unaporudishwa, isipokuwa rilei iwe na kizuizi kinachotambua hamoniki ya pili, yaani sehemu ya mkondo yenye masafa mara mbili ya yale ya umeme wa kawaida. Hitilafu ya ardhi ipewe kinga yake yenyewe, ambayo inaweza kuanzia chini sana kuliko mkondo wa mizigo, kwa kuwa mizigo iliyosawazika huacha mabaki madogo sana mikondo ya fezi tatu inapojumlishwa.

Baada ya kuingiza mipangilio, linganisha uwiano wa transfoma ya mkondo (kifaa kinachopunguza mkondo wa njia ili rilei iupime) ulioandikwa kwenye rilei na ule ulio kwenye kibati chake, kisha hakikisha waya umefungwa kwenye vituo vya ampea 1 au 5 inavyostahili. Ingiza mkondo kwa mashine ya kupimia na usome muda. Kwa rilei ya chini ya mfano wetu, mara 10 ya kiwango cha kuanzia lazima itoe takriban sekunde 0.3. Usiridhike na taa nyekundu ya rilei. Nimewahi kukuta rilei ikiwasha taa na kuandika kwenye kumbukumbu zake kwamba imekata, ilhali sakiti breka imebaki imefungwa, yaani ikiendelea kupitisha umeme, kwa sababu kinga ya ardhi haikuwa imeunganishwa, ndani ya mantiki ya programu, na kituo cha kutoa amri. Kwa hiyo kila kinga iliyowashwa ijaribiwe hadi sakiti breka yenyewe ifunguke.

Hifadhi faili la mipangilio pamoja na hesabu zilizolizaa, na urudie hesabu hizo kila transfoma kubwa zaidi inapofungwa upande wa juu, kwa maana mkondo wa hitilafu utakuwa umepanda na pengo la sekunde 0.3 huenda halipo tena.