Kabla ya kuosha injini ya Corolla 110, soma kwanza uchafu wake

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Toyota Corolla 110 yenye injini ya 5A, nimeachiwa na baba. Chini ya boneti kumejaa oili iliyogandamana na vumbi, na nyaya za redio, alamu na spotilaiti zimezagaa mpaka nyingine zinagusa betri. Mwaka jana niliipeleka ikapigwa maji ya presha. Kesho yake ikaanza kumisi (kuwaka kwa kukatakata) na kukosa nguvu kwenye mlima, ikatulia baada ya siku mbili. Jirani yangu anasema niioshe kwa petroli. Nifanyeje nisije nikaiharibu? Msomaji, Singida.

JIBU: Marahaba. Nianze na petroli, maana hiyo ndiyo inayonitia hofu: usiitumie kabisa. Mvuke wake unashika moto hata wakati wa baridi, na chini ya boneti cheche moja tu ya betri inatosha. Mafuta ya taa nayo, ingawa gereji nyingi zinayatumia, yanavimbisha na kulainisha mipira ya maji ya rejeta. Mpira ukishalainika unapasukia safarini, gari linachemsha, na hakuna anayekumbuka kwamba kisa kilikuwa kuosha injini.

Sasa hiyo kumisi. Kwenye 5A plagi zimekaa chini ya mashimo manne katikati ya tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini), kila shimo linameza kidole kizima. Maji ya presha yanapenya pembeni ya kofia ya plagi waya na kutuama humo. Umeme badala ya kwenda kuruka kwenye ncha ya plagi unakimbilia kwenye chuma. Joto la injini lilipoyakausha yale maji, gari likatulia. Hapakuwa na kitu kilichokufa, ila usirudie.

Ninachokuomba kabla hujashika hata kitambaa: fungua boneti mchana kweupe, uangalie uchafu ulivyokaa, upige picha kwa simu. Vumbi kavu linalopeperuka ukilipuliza halina shida. Tope jeusi linalong'aa linaonyesha oili inatoka mahali, na mahali penyewe huwa ni juu ya pale tope lilipoanzia. Kwenye injini hii angalia kwanza ukingo wa tapeti kava, halafu distributa (kifaa kinachogawa umeme kwenda kwenye plagi) pale inapoingia ubavuni mwa kichwa cha injini, upande wa gia boksi. Pale pana oringi moja ndogo, pete ya mpira ya kuzuia oili. Ikikakamaa, oili inachuruzika taratibu juu ya gia boksi, na watu wengi wanalaumu sili (mpira wa kuzuia oili) ya gia bure. Ukiona ukoko mkavu, mweupe au wenye rangi ya kulenti (maji ya kupozea injini), kwenye klipu ya mpira wa rejeta, hapo maji yanavuja. Ukiosha bila kuyaona haya umejifutia ushahidi wako mwenyewe. Wapo wauzaji wanaoosha injini na kuipaka dizeli ing'ae kwa sababu hiyohiyo, mnunuzi asione kitu.

Ukimaliza kuangalia, subiri injini ipoe hadi uweze kuiwekea kiganja bila kuungua. Toa waya wa hasi wa betri kwanza. Funika distributa, alteneta (inayochaji betri), mdomo wa eakilina (chujio la hewa) na kisanduku cha fyuzi kwa mifuko ya plastiki. Kazi ya kwanza ni kavu: brashi ya rangi ya inchi mbili inatoa vumbi na majani, hasa yale yanayojikusanya chini ya kioo cha mbele na kuziba matundu ya kutolea maji ya mvua.

Kwa oili tumia maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, au dawa ya kuondoa grisi inayochanganywa na maji. Paka eneo la ukubwa wa kiganja, sugua kwa mswaki wa zamani, pangusa kwa kitambaa chenye unyevu, ndipo usogee. Tope gumu likwangue kwa kijiti, usitumie bisibisi, utakwangua aluminiamu. Ni kazi ya nusu siku, lakini mkono wako utapita kwenye kila mpira na kila klipu, na hapo ndipo utagundua mpira mdogo wa vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) uliopasuka ambao macho hayakuuona. Mapezi ya rejeta yapulizie maji ya bomba la kawaida kutokea upande wa injini. Presha inayalaza, na upepo haupiti tena.

Vichwa vya betri vikiwa na unga mweupe au wa kijani, vaa glavu, yeyusha kijiko cha magadi, yale ya kulainishia maharage, kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, uvisugue. Povu litatoka, ni tindikali inauawa. Hakikisha vifuniko vya betri vimebana, magadi yakiingia ndani yanaua betri yenyewe. Suuza, kausha, paka grisi kidogo.

Kuhusu nyaya, fuata kila waya ulioongezwa mpaka mwisho wake. Usiotumika utoe wote. Kuukata na kuuacha unaning'inia ni kutega moto. Unaochukua umeme moja kwa moja kwenye betri lazima uwe na fyuzi isiyozidi shibiri moja kutoka betri, na spotilaiti zipitie kwenye rilei (swichi ya kubeba umeme mwingi). Maungio ya kusokotwa kwa vidole yachomelewe kwa risasi. Kisha nyaya zivishwe mrija wa plastiki wenye mikunjo, zifungwe kwa vifungio mbali na ekzosi na mkanda wa feni. Tepu ya kawaida ya umeme inayeyuka gundi kwenye joto lile, ndiyo maana nyaya zako zinanata.

Kabla ya kuwasha, iache boneti wazi juani saa mbili tatu. Chomoa plagi waya moja baada ya nyingine, uchungulie mashimo kwa tochi. Ukikuta maji, kausha kwa kitambaa kilichozungushiwa kijiti. Ukikuta oili, sili za mashimo ya plagi zimechoka, na hizo hubadilishwa pamoja na gasketi ya tapeti kava. Toa mifuko yote uliyofunikia, rudisha waya wa hasi mwisho, kisha piga stata.

Usipake dawa ya kung'arisha. Inashika vumbi, na vumbi la Singida unalijua. Tembea kilomita 200, fungua tena boneti ukiwa na zile picha za mwanzo. Popote palipolowana upya ndipo pa kumpeleka fundi, na umwonyeshe kwa kidole.