Ukuta wa mawe unazuiaje maji?

SWALI: Nimesoma kwamba bwawa la umeme la Akosombo nchini Ghana limejengwa kwa mawe, tofauti na bwawa letu la Julius Nyerere kule Rufiji ambalo ni la zege. Mawe yaliyorundikwa yanazuiaje maji yasipenye? Na kama ukuta huo ni imara, kwa nini mwaka 2023 maji yalifunguliwa hadi yakafurika makazi ya watu?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Maji hupenya kati ya mawe, na wajenzi walilijua hilo tangu mwanzo. Kazi ya mawe ni uzito tu, yaani kuukalisha ukuta mahali pake ziwa linapousukuma. Kinachozuia maji ni kiini cha udongo wa mfinyanzi kilichomo katikati ya ukuta; udongo huo ni wa jamii ileile ya ule wa kufinyangia vyungu. Udongo huo humwagwa tabaka juu ya tabaka, ukanyunyiziwa maji kwa kiasi na kushindiliwa kwa mashine nzito mpaka chembe zake zishikane. Baina ya kiini na mawe huwekwa mchanga na kokoto za kuchuja, ili maji machache yanayojipenyeza yasiondoke na chembe za udongo, kwa maana ukuta unaolika kwa ndani unaweza kutoboka huku kwa nje ukionekana mzima.

Akosombo ilijengwa kati ya mwaka 1961 na 1965, mahali ambapo Mto Volta unapita katika korongo la milima ya mawe, kwa hiyo mawe ya kujengea yalikuwa jirani. Ukuta una kimo cha mita 114 na urefu wa mita 660, na chini una upana wa mita 366. Ndiyo maana ukiutazama kwa upande unafanana zaidi na kilima kuliko ukuta. Kwame Nkrumah aliuzindua Januari 1966, mwezi mmoja tu kabla ya kupinduliwa. Watu wapatao 80,000 walihamishwa kulipisha ziwa.

Udhaifu wa ukuta wa namna hii uko juu. Ukuta wa zege unaweza kustahimili kwa muda maji yanayopita kileleni, lakini wa mawe, yakishaanza kuteremka mgongoni, huporomoshwa jiwe baada ya jiwe mpaka udongo ubaki wazi, nao hauchukui muda kumomonyoka. Kwa sababu hiyo Akosombo ina milango 12 ya chuma ya kumwagia maji pembeni, na ziwa lilipojaa kupita kiasi Septemba na Oktoba 2023 ilibidi ifunguliwe, maelfu ya watu wa Mepe na miji mingine ya chini ya mto wakahama nyumba zao. Kwa upande wa ukuta, uamuzi huo ulikuwa sahihi. Swali gumu ni la wale waliojenga kandokando ya mto uliokuwa umetulizwa kwa miaka mingi: walionywa mapema kiasi gani, na wangehamia wapi?