Mrekodi mzee kwanza, picha baadaye

Ndugu yangu, umeuliza ufanyeje na baba yako, baharia mstaafu wa Majengo, ambaye miaka ya 1970 kila meli ilipotia nanga New York alikwenda kuwatazama wazimamoto, na sasa ni hadithi hizo kila jioni.

Anza na sauti yake, simu yatosha. Muulize masanduku ya kengele ya barabarani, ya kuwaita wazimamoto: kila sanduku lilikuwa na nambari yake, ukivuta kishikio nambari ilipita kwa waya wa telegrafu, na kituoni watu walihesabu mapigo ya kengele wajue pa kwenda. Muulize na wale wapokea simu waliotuma magari kwa redio. Hao husahaulika upesi, nami huona ni dhuluma. Akifika kwenye mapigo ya 5-5-5-5, yaani matano mara nne, yaliyotangaza mzimamoto aliyefia kazini, usimkatize hata kidogo.

Picha zitoe kwenye mfuko wa plastiki, unyevu wa Pwani huzila. Nyuma andika kwa penseli laini mwaka na mtaa.

Halafu mtafutie kwenye intaneti mawasiliano ya redio ya wazimamoto wa New York. Ukiyapata, mwekee baada ya Isha, ukae naye.