Maswali ya Wasomaji: Springi za Vali kwa EJ20 ya Turbo

SWALI: Naijenga upya EJ20 ya turbo ya Subaru kwa ajili ya rali. Kamshafti nilizonunua zinainua vali milimita 10.5, bosti (shinikizo la hewa la turbo) ni bari 1.5, na nataka ifike mizunguko 8,000 kwa dakika. Muuzaji ananiambia nichukue springi ngumu kuliko zote alizonazo. Nimsikilize? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Hapana. Springi iliyozidi ugumu hula nundu za kamshafti, hutwanga siti (pale vali inapokalia ikifunga) na kuongeza joto kwenye oili bila kukupa nguvu yoyote. Anza na karatasi ya mtengenezaji wa kamshafti: humo mna nguvu anayotaka vali ikiwa imefungwa na ikiwa imefunguka yote.

Kisha ongeza hesabu ya turbo, ambayo wengi huisahau. Upepo wa turbo husukuma mgongo wa vali ya kuingizia hewa, ukitaka kuifungua. Vali ya kipenyo cha milimita 36 ina eneo la sentimita za mraba 10 hivi, kwa hiyo bari 1.5 huisukuma kwa takriban kilo 15. Springi inayokandamiza siti kwa kilo 30 inabaki na nusu tu.

Sasa pima urefu wa springi ikiwa imefungwa mahali pake. Weka vali, kofia (kisahani kinachokaa juu ya springi) na loki (vipande vinavyoishika kofia kwenye shina la vali) bila springi, vuta kofia juu kwa mkono, upime kutoka kitako cha springi hadi chini ya kofia. Fanya hivyo kwa vali zote 16, maana hazilingani. Siti ikikatwa upya, vali huzama, shina hutokeza juu na urefu huongezeka. Tuseme karatasi inataka milimita 36 nawe umepata 37.2: kwa springi ya kilo 3.5 kwa kila milimita, umepoteza kilo 4.2. Dawa yake ni shimu (washa nyembamba) ya milimita 1.2 chini ya springi, si springi nyingine.

Vali ikifunguka yote, springi hiyo inabaki milimita 25.5 (36 kutoa 10.5 za kamshafti). Kama mapindi yake hugusana kwenye 23, una nafasi ya 2.5, inatosha. Usishuke chini ya 1.5, wala kati ya kofia na sili ya vali (mpira wa kuzuia oili kwenye shina). Ukiwa na pesa ya ziada, nunua kofia za titani: uzito ukipungua, springi laini kidogo hufanya kazi ileile.

Na usizishike springi kwa koleo. Mkwaruzo mmoja ndipo ufa unapoanzia.

SWALI: Injini yangu hukata nguvu palepale kwenye mizunguko 7,200, gia yoyote. Plagi na mafuta viko sawa, na kikomo cha kompyuta kiko juu zaidi. – Msomaji, Arusha

JIBU: Yaelekea vali zinaelea, yaani springi zinashindwa kuzifunga kwa wakati. Pima springi kwa mashine. Iliyopoteza asilimia 10 ya nguvu haifai, na ubadilishe seti nzima. Kabla ya kufunga hedi (kichwa cha injini chenye vali), kagua vichwa vya pistoni: alama ya mwezi mchanga maana yake vali imeshagonga, na huenda shina limepinda.