Maji ya Kisima Yanachoma Shawa: Niweke Mashine ya Kulainisha?

SWALI: Habari fundi, tulihamia Utawala na esteti yetu ni maji ya kisima tu. Shawa ya umeme imeungua mara mbili, birika imejaa ukoko mweupe, na nikifua sabuni haitoi povu. Kuna mtu anataka kuniuzia mashine ya kulainisha maji, anasema itatoa chumvi yote na tutakunywa moja kwa moja kwa mfereji. Ni ukweli?
Mama Wawili, Utawala

JIBU: Mama Wawili, kwa ukoko na sabuni ni ukweli, lakini kwa kunywa tafadhali ngoja kwanza. Huo ukoko ni kalsiamu na magnesiamu, na ndani ya mashine kuna punje za resini zinazoshika hizo mbili na kuachilia sodiamu, zikijaa zinaoshwa na maji ya chumvi unayojaza kwa pipa lake. Kwa hivyo chumvi haitoki, maji yakiwa na ladha ya chumvi leo yatabaki hivyo hivyo. Na floraidi haiguswi kabisa, na visima vingi vya Nairobi vinapita kiwango cha juu cha WHO (Shirika la Afya Duniani), miligramu 1.5 kwa lita, ndiyo unaona meno ya watoto yanakuwa kahawia. Ya kunywa na kupikia weka filta ya RO (reverse osmosis, inayosukuma maji kwa utando mwembamba unaozuia chumvi na floraidi) chini ya sinki.

Peleka maji maabara kabla ya kulipa chochote, upimiwe ugumu (yaani hiyo kalsiamu na magnesiamu), chumvi na floraidi. Tuseme ugumu ni miligramu 300 kwa lita na mnatumia lita 600 kwa siku, hizo ni gramu 180 kila siku, na lita 25 za resini zinabeba kama gramu 1,250, so itajiosha kila wiki hivi. Muuzaji asiyeuliza hizo namba mbili, ugumu na lita za siku, usimpe deposit.

Halafu presha, hapa ndio wengi wanakwama. Mashine nyingi zinataka kama ba 2 (ba ni kipimo cha presha) na tenki ikiwa mita 10 juu inatoa ba 1 tu, sasa ya juu ya paa la banglo haitoshi, utahitaji pampu. Mfereji wa shamba usipitie kwa mashine, na maji ya kuoshea resini yaende dreni, yakiingia kwa sukuma yanazichoma.

Ukingoja majibu, chemsha siki na maji nusu kwa nusu kwa hiyo birika, iache lisaa limoja, mwaga, suuza vizuri.