Maswali na Majibu: Sare za Watu wa Reli

Ni kweli zamani watu wa reli walivaa kama polisi?
Ndiyo, na wengine walikuwa polisi hasa. Reli ya Liverpool na Manchester, Uingereza, ilipofunguliwa mwaka 1830, askari wa kampuni walisimama kando ya njia wakimwelekeza dereva kwa mikono. Walivaa makoti marefu na kofia ndefu.

Kofia za madereva wa treni za mvuke ziling'aa juu. Ni urembo?
Hapana. Juu palikuwa na kitambaa kisichoingia maji, ili masizi na grisi vifutwe kwa tambara. Suti na vifungo vya kung'aa walivaa stesheni masta na magadi (wasimamizi wa treni safarini), waliokutana na abiria.

Wanawake walianza lini kuvaa sare hizo?
Kwa wingi, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wanaume walipokwenda vitani. Walibeba mizigo, wakakagua tiketi, wakasafisha mabehewa. Vita ilipoisha wengi waliondolewa. Hiyo ilikuwa dhuluma, maana kazi walishaionyesha kuwa wanaiweza.

Kwa nini mafundi wa njia ya reli huvaa rangi ya chungwa?
Swali zuri kuliko yote. Mwaka 1964 reli ya Uingereza ilijaribu makoti ya rangi hiyo kwa mafundi wa Glasgow, Scotland, kati ya Pollokshields na Eglinton Street, kwenye njia ya treni za umeme. Treni ya umeme haina moshi wa kuonekana kwa mbali, tena huja kimya. Fundi aliyeinamia taruma, yaani kile kipande cha chini kinachoshikilia reli, anaweza asiisikie. Na kwa nini chungwa? Nyekundu, njano na kijani tayari ni rangi za ishara, na dereva hatakiwi kubahatisha kama kile anachokiona mbele ni mtu au amri ya kusimama. Kwangu hayo ndiyo mageuzi makubwa: sare iliyokuwa ya kuonyesha cheo ikawa ya kuokoa maisha.

Niko gengi la njia, Tabora. Koti langu limejaa grisi. Niendelee nalo?
Usiendelee nalo likiwa hivyo, ndugu yangu. Mchana kinachokuonyesha ni rangi, usiku ni zile tepe zinazorudisha mwanga wa taa. Vikifunikwa na grisi, dereva hakuoni. Lifue kwa sabuni ya kawaida, usitumie jiki wala petroli, na usipige pasi juu ya tepe. Likishafuliwa na bado limepauka, au tepe zinabanduka, mwambie msimamizi akupe jingine kabla hujashuka njiani.